Saa Ngapi Kutoka Kigoma Hadi Mlangoni kwa Mama

Kwa wiki mbili sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: mama akianguka Mtwara nami niko Kigoma, nitamfikia baada ya saa ngapi?

Nyote mliokuwa mkiniuliza kwenye kundi letu, "Rehema, ulienda? Umeonaje? Kazi unachukua au huchukui?" nisameheni kwa kunyamaza. Jibu halikuenea kwenye ujumbe wa simu, na kila nilipoanza kuandika nilifuta.

Mwanzo wake mnaujua. Maabara moja ya maji Kigoma ilinipa kazi ya kupima maji ya ziwa na ya visima, kazi ileile tuliyoisomea, nami nilitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Mnajua pia kwamba mimi ni mtoto pekee, baba hayupo, na mama ana presha. Jambo ambalo sikuwahi kuwaambia ni kwamba tulipokuwa mwaka wa pili mama alianguka jikoni. Nilipata habari nikiwa chuoni, nikapanda basi, nikafika siku ya pili yake. Nilimkuta amekaa kitandani anakunywa uji, akaniuliza kwa nini nimeacha masomo. Alikuwa mzima. Lakini ile safari ya basi mimi sijaimaliza mpaka leo.

Basi nilifungua tovuti moja ya kuhesabu umbali kati ya viwanja vya ndege. Nikaandika Mtwara, nikaandika Kigoma. Ikachora mstari mnyoofu kama wa rula kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine: kilomita elfu moja na mia tatu hivi, na muda wa kuruka saa mbili na kitu. Nilifurahi jioni nzima. Saa mbili! Kuna watu Dar wanatumia saa mbili kufika kazini. Kesho yake ndipo nikagundua kwamba hakuna ndege ya abiria inayopita kwenye mstari ule. Chini yake ni mapori na mbuga, na juu yake labda tai.

Nikachora jedwali langu mwenyewe. Kutoka kazini hadi kiwanjani, kusubiri, kuruka hadi Dar, kusubiri tena, kuruka hadi Mtwara, bajaji hadi nyumbani. Jumla saa nane, mambo yote yakienda sawa. Nikaanza kujiuliza kama saa nane ni nyingi au chache, na mambo yote huenda sawa siku gani. Mwishowe nikaona dawa ni kuisafiri njia yenyewe, saa mkononi, halafu ndipo nijibu.

Mama aliponiona napanga begi alisema, "Wenzako huenda kuona kazi. Wewe unaenda kuona njia."

Mtwara hadi Dar es Salaam

Nilifunga mlango wa nyumbani saa kumi na mbili kamili asubuhi na kuandika hivyo kwenye daftari. Mama alinipa mfuko wa korosho za kumpelekea mwenyeji wangu, Mama Hidaya, ambaye ni mama mkubwa wa Zuwena wetu wa bwenini. Jirani yetu, Bi Somoe, alikuwa anafagia uwanja wake. Aliacha ufagio akanibebea begi hadi kwenye bajaji, ingawa magoti yake yanamsumbua.

"Mama yako usimfikirie," akaniambia.

Nikamwitikia "Haya, Bi Somoe," kwa adabu, huku nikiwaza kwamba kumfikiria mama ndiyo kazi pekee niliyo nayo kwa sasa.

Ndege iliruka kwa wakati. Kwa muda kidogo niliona bahari upande mmoja na mikorosho upande mwingine, kisha mawingu, kisha tukaanza kushuka. Saa tatu asubuhi nilikuwa Dar. Kwenye jedwali nikaweka alama ya vema na kujiona mtu mwenye akili sana.

Dar es Salaam: Kongo haionekani

Ndege ya Kigoma ilikuwa ya saa tano. Saa tano ikafika, ikapita. Walitutangazia kwamba hali ya hewa huko tuendako si nzuri, tuendelee kusubiri. Mimi nikaenda dirishani nikaangalia mbingu ya Dar, ambayo ilikuwa safi kama shuka, nikarudi kukaa, nikaenda tena. Mara ya nne mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu akaniambia, "Binti, hali ya hewa ya Kigoma huwezi kuiona kwa dirisha hilo."

Nilimwamkia. Akanieleza kwamba yeye ni fundi cherehani wa Mwanga, pale Kigoma mjini, anarudi kutoka kwenye harusi ya mjukuu. Jina lake Mzee Kabwe. Suti aliyovaa aliishona mwenyewe, na kwa kweli hadi leo sijaona mtu aliyekaa saa sita kwenye kiti cha plastiki suti isipate hata kunyanzi moja.

"Sasa mzee, tutajuaje kama tutaondoka?" nikamuuliza.

"Tutajua. Mke wangu anaangalia."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama Bahati, inaonekana?"

"Haionekani," sauti ya kike ikajibu. "Kuna wingu limelala ziwani kama limeambiwa likae."

"Haya, angalia tena ukimaliza kupika."

Akakata, akanigeukia. Alinieleza kwamba ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo. Siku ya anga safi mtu akisimama Mwanga kwenye kilima anaiona. Ikionekana, ndege inatua. Isipoonekana, mtu ajitafutie chakula. Nikatazama huku na huku, nikagundua kwamba nusu ya abiria wale walikuwa wanafanya jambo hilohilo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anamwuliza mtu wa Ujiji. Kijana mwenye kompyuta, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko kutoka Moshi, alikuwa anauliza ofisini kwake. Wakawa wanapeana habari kutoka kiti hadi kiti.

"Ujiji wanasema mvua imekatika."

"Bangwe bado."

"Bangwe nani anakwambia? Shemeji yako? Yule hata mlango wake haoni."

Wakacheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasoma ubao wa matangazo.

Saa saba nilikuwa nimeshafanya hesabu ya ndege kuahirishwa hadi kesho, na ya mama kuanguka leo. Mzee Kabwe aliniona nikikunjakunja karatasi. Akanunua mihogo ya kukaanga, akaniwekea nusu bila kuniuliza. Nilimweleza habari ya jedwali langu. Alilitazama kwa makini kama anavyotazama kitambaa, akalirudisha.

"Vipimo vyako ni vizuri," akasema. "Ila umempima nani? Sioni mtu humu."

Sikumwelewa, nami sikupenda kuonekana sijaelewa, kwa hiyo nikala mihogo.

Saa nane na nusu simu yake iliita. Alisikiliza, akasimama, akavuta koti lake likae sawa. "Kongo hiyo," akasema kwa sauti ya kawaida tu, na watu wakaanza kukusanya mifuko yao. Tangazo la kutuita lilikuja baada ya robo saa.

Tabora, dakika ishirini na tano

Ya Tabora si mengi. Tulitua, wengine wakashuka, wengine wakapanda na madumu ya asali yaliyozungushiwa utepe wa gundi hadi yakafanana na majeruhi. Tuliobaki ndani tuliambiwa tusishuke. Niliona ardhi ya rangi ya tofali na watu wawili wakipunga mikono kwa ndege nzima, kwa kuwa hawakujua mtu wao amekaa dirisha gani.

Mzee Kabwe alikuwa amelala. Nikaandika kwenye daftari: *saa kumi na dakika ishirini, bado.*

Kigoma: jua halijazama

Hakuna aliyenitayarisha kwa lile ziwa. Nilikuwa nimesoma kina chake, chumvichumvi zake, kila kitu kinachoweza kuingia kwenye chupa ya maabara. Sikuwa nimesoma kwamba ndege ikianza kushuka, vilima vya kijani vinaisha ghafla na mahali pake panakuja bluu moja ambayo haina mwisho, na nyuma yake kabisa milima ya Kongo imesimama, myepesi kama imechorwa kwa chaki. Mzee Kabwe aliamka akaigusa dirishani kwa kidole. "Si nilikwambia?"

Nilishuka saa kumi na mbili kasorobo jioni. Watu wakasalimiana, wakaondoka. Mzee Kabwe alichukuliwa na mkewe, ambaye alikagua suti kwanza ndipo akamkagua mume. Mimi nikabaki nje ya jengo na begi na mfuko wa korosho. Mama Hidaya hakuwepo. Dakika tano. Dakika kumi. Nikaanza kuwaza kwamba nimekosea siku, kwamba Zuwena hakumwambia, kwamba hata barua ya kazi labda ni ya utapeli na Kigoma nzima inanicheka. Ndipo bajaji ikasimama na mwanamke mnene mwenye kanga ya njano akashuka akikimbia kwa madaha.

"Ndiye Rehema? Karibu mwanangu! Mbona una uso wa msiba?"

"Shikamoo Mama. Nilidhani hamji."

"Marahaba. Tusije vipi? Nimeisikia ndege ikipita juu ya paa, nikavaa viatu." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ungetaka nije kukaa hapa tangu saa saba kuiangalia barabara ya ndege? Hidaya wangu anakaa Tabora, jirani na kiwanja. Ikiruka kule ananipigia. Najua nina kama saa moja, naweka sombe, kisamvu chenu, jikoni. Ikipita juu ya paa naepua, natoka. Sombe haijaungua hata siku moja."

Njiani hadi Ujiji nilimpigia mama kumwambia nimefika. "Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nimewasha taa, giza limeshaingia." Nami kwenye bajaji jua lilikuwa linanipiga machoni. Saa ni ileile moja nchi nzima, lakini jua lake lilikuwa limekwisha na langu bado lipo. Namba zote za ile tovuti hazikuwa zimenionyesha umbali kama nilivyouona wakati ule.

Nyumbani kwa Mama Hidaya wanawake watatu majirani walikuja kunisalimu. Waliinama kidogo, wakawa wanapiga makofi taratibu, viganja vikigusana kwa upole, wakisema maneno ya Kiha moja baada ya jingine. Mimi nikadhani wananipongeza kwa kusafiri. Nikasema, "Asanteni, asanteni sana, nami nashukuru," kama mgeni rasmi. Wakaangua kicheko hadi mmoja akakaa chini.

"Wanakusalimu tu, mwanangu," Mama Hidaya akasema akifuta machozi. "Hujashinda kitu."

Wakanifundisha. Wanauliza ulivyoamka, ulivyoshinda, na watu wa kwenu, na safari, na afya ya waliobaki, na kila swali linajibiwa polepole na kwa mikono. Walipofika kwa "mama yako hajambo?" nilijibu hajambo, na hawakuridhika. Anakaa na nani? Nani anamchotea maji? Nikasema anakaa peke yake. Wakatazamana, wakaacha.

Chakula kilikuwa migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyokaangwa, sombe iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Ugali wa muhogo! Nimevuka nchi nzima nikidhani nimefika ugenini, nikakuta ugali wa kwetu unanisubiri kwenye sahani. Nilikula hadi Mama Hidaya akaacha kunibembeleza.

Bangwe asubuhi

Kesho yake nilikwenda maabara. Mkuu wake, mtu wa Kilimanjaro aliyekuja kwa miaka miwili na sasa ana nyumba na shamba la michikichi Kidahwe, alinipeleka ufukweni Bangwe kuchukua sampuli. Wanawake walikuwa wanatandaza dagaa juu ya nyavu, fedha tupu kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalikuwa angavu kiasi kwamba niliiona chupa yangu ikizama hadi urefu wa mkono wangu wote, na vidole vyangu, na kokoto chini yake. Nilisahau kuandika saa. Nawaambieni kweli, kwa mara ya kwanza tangu tumalize chuo nilijiona niko mahali ambapo elimu yangu ina kazi.

Saa nne nikampigia mama. Haikupokelewa. Saa nne na dakika tano, haikupokelewa. Nilipiga mara kumi na nne. Yule mkuu alinikuta nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, chupa za sampuli miguuni, simu sikioni. Siku hiyo hapakuwa na ndege. Jedwali langu la saa nane lilikuwa mfukoni na halikuwa na mstari wa siku isiyo na ndege.

Nilimpigia Mama Hidaya kwa sababu sikujua nimpigie nani. Alisikiliza.

"Jirani wa mama yako ni nani?"

"Bi Somoe."

"Ana simu?"

"Anayo."

"Basi mpigie."

"Sina namba yake."

Akauliza polepole, kama anayeongea na mgonjwa: "Mmeishi naye miaka mingapi?"

"Tangu nizaliwe."

"Rehema, mwanangu. Una namba ya kiwanja cha ndege?"

Ninayo. Ya Mtwara, ya Dar na ya Kigoma. Zote tatu nimezihifadhi.

Saa saba mama akapiga. Umeme ulikatika mtaani tangu alfajiri, simu yake ilikuwa inachajiwa kwa Bi Somoe mwenye sola, naye mwenyewe alikuwa hukohuko tangu asubuhi wanabangua korosho na redio imewashwa. "Mara kumi na nne!" akasema. "Bi Somoe alidhani simu imeharibika." Nyuma yake nilimsikia Bi Somoe anacheka, na nyundo ndogo ya korosho ikigonga.

Kurudi

Siku ya kuondoka nilitaka kutoka saa mbili kabla ya wakati. Mama Hidaya akasema subiri, Hidaya hajapiga. Nilizunguka uwanja wake kama kuku anayetaka kutaga. Mara simu ikaita. "Imeruka Tabora," akasema, akanifunga mfuko wa dagaa mara tatu ili wasinuke, akaniombea dua, ndipo tukatoka. Tulifika kiwanjani kwa wakati, nikapimisha begi, na ndege ikatua tukiwa tunaangalia. Dagaa walinuka hata hivyo. Kutoka Tabora hadi Dar, abiria wa kiti cha pili aliniuliza mara mbili kama nimewanunua Bangwe au Ujiji, kwa sababu anaona ni wazuri.

Safari ya kwenda ilinichukua saa kumi na mbili na nusu hivi. Ya kurudi, kumi na moja. Niliziandika zote mbili, na sikuzijumlisha.

Bajaji iliponishusha sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda kwa Bi Somoe. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno tangu angani: kwamba najua ana mambo yake na magoti yake, kwamba sitaki kumpa mzigo, lakini nikichukua kazi ya mbali, je, anaweza kukaa na ufunguo mmoja wa nyumba yetu, ikitokea lolote aingie. Nilikuwa na ufunguo wa akiba kabisa mkononi. Nilimwamkia, nikayasema yote kwa pumzi moja.

Bi Somoe aliufungua upindo wa kanga yake. Ndani ya fundo kulikuwa na ufunguo wa nyumba yetu, umechakaa kwa kubebwa.

"Ninao tangu ulipokwenda chuo," akasema. "Huo wako kaa nao, utahitaji ukija likizo."

Mama alikuwa amekuja hadi mlangoni, amesikia. Akaniuliza, "Kwani mwaka ule ulidhani ni nani aliyeniokota jikoni?"

Sikuwa nimewahi kuuliza. Nilihesabu kila kituo cha basi kati yangu na jikoni ile, na miaka yote sikuuliza nani alikuwa wa kwanza kuingia.

Nilikaa palepale kwenye baraza la Bi Somoe, nikaichukua namba yake, nikamsomea kwa sauti ili nihakikishe, kisha nikaandika barua ya kukubali kazi na kuituma. Ilikuwa Jumapili, saa moja jioni. Dagaa niliwagawa nusu kwa nusu. Lile jedwali nilitaka kulichana, mama akasema karatasi ni nzuri, akafungia korosho za kumpelekea Mama Hidaya.

Begi liko mlangoni. Ndege ni kesho. Nitakapofika Dar nitapiga simu moja Ujiji kuuliza kama Kongo inaonekana, na Mama Hidaya nimeshamwambia asivae viatu mpaka anisikie juu ya paa.